Je, 'Ubepari' Bado ni Jibu?

Hakuna msahihishaji wa insha za fasihi ambaye hajakutana na jibu hili: mhusika fulani ni bepari, hivyo ni mnyonyaji. Je, istilahi kama ubepari na ujamaa zingali zinaeleza lolote, au zimegeuka kuwa matusi na sifa tu?

Asili yake ni ya kawaida. Bepari, neno lililotoka Bara Hindi, alikuwa mfanyabiashara tu. Ujamaa unatokana na jamaa. Siasa ndizo zilizozitwika uzito, tena kwa fujo. Kenya, katika Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ilijitangaza kufuata ujamaa wa Kiafrika huku ikilinda mali ya watu binafsi na kukaribisha mitaji ya kigeni. Katiba ya Tanzania hadi leo huitaja nchi hiyo kuwa ya kijamaa, ilhali hisa zimekuwa zikiuzwa Dar es Salaam tangu 1998.

Tuje kwenye Kigogo ya Pauline Kea. Wengi humwita Majoka bepari. Sawa, ana kampuni na ana tamaa. Lakini hebu tutazame anachokifanya: anafunga Soko la Chapakazi. Wanaolilia soko hilo ni wanyonge wenyewe, wakiwemo wachongaji kama Sudi wanaotafuta riziki humo. Kwa maana ya zamani ya neno, bepari ni nani hapa? Majoka hashindani na wachuuzi kwa bei wala kwa ubora wa bidhaa. Anawashinda kwa amri, kwa kuwa ndiye mtawala. Mtahiniwa anayeishia kwenye neno 'bepari' ameipita serikali bila kuiona, na hiyo ndiyo shabaha kuu ya tamthilia.

Linganisha na Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi. Humo wanavijiji wanashurutishwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Jina la mfumo ni kinyume kabisa, ila amri inatoka juu vilevile, na mwenye ardhi haulizwi.

Sisemi istilahi hizi zitupwe. Mwanafunzi asiyezijua hawezi kusoma fasihi ya miaka ya sabini. Ninachodai ni kwamba baada ya kuitaja istilahi, aonyeshe nani anamiliki, nani anatoa jasho, nani anaamua na nani anabaki na faida. Atakayeeleza kwamba Majoka anatumia mamlaka ya umma kujinufaisha, mimi ningemtuza alama zote, hata kama neno ubepari halimo katika jibu lake.