Mkwaju katika Njia Panda ya Makambako

Katika kupima sanaa iliyotungwa kwa ajili ya maendeleo, wahakiki wetu wana desturi ya kuuliza swali moja tu: je, ujumbe umefika? Maelezo haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Mfano wangu ni Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993 ili kuwafundisha watu uzazi wa majira na kujikinga na UKIMWI.

Mhusika wake mashuhuri ni Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani, jina lake Tunu, na wanawake wengine njiani. Mwishowe Tunu amwacha, naye Mkwaju apatwa na UKIMWI. Sifa za mchezo huu si ndogo. Kwa miaka miwili ya kwanza haukutangazwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha. Nao waliona kwamba mahali uliposikika, watu waliofuata uzazi wa majira waliongezeka. Ni michezo michache ya Kiswahili iliyowahi kupimwa hivyo.

Lakini mwanaisimu hutazama na jambo jingine. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia katika mazungumzo, na mwanamume mwasherati akaitwa Mkwaju. Jina la pekee likawa jina la kawaida. Kwa mtunzi huo ni ushindi. Kwa jamii, je?

Tuchukue Makambako. Hapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na hapo pana stesheni ya TAZARA. Katika mji wa namna hiyo Mkwaju hahitaji kuelezwa: ndiye yule ashukaye jioni na kuondoka alfajiri. Neno lina mwenyewe, na mwenyewe ni mgeni.

Hapo ndipo penye ila ya mchezo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI, hali kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Mzigo huo hauwezi kutwikwa madereva peke yao. Mkulima wa viazi au mchuma chai aweza kumcheka Mkwaju miaka yote asijione ndani yake. Tena jina likishakuwa tusi, aendaye zahanati kupima damu au kuchukua dawa ataogopa kuitwa kwalo. Hivyo sanaa iliyotungwa kumfikisha mtu mlangoni mwa huduma yaweza kumrudisha kutoka mlango ule ule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine huko Malya, Mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na hadithi iliyokwisha kutungwa. Walitafuta shida pamoja na wanakijiji. Likachaguliwa suala la mimba za wasichana wa shule, na wenyeji wakalicheza na kulijadili kwa ngoma zao wenyewe. Hapo hapakuwa na mgeni wa kusingiziwa. Udhaifu wa njia hiyo wajulikana: Malya ni kijiji kimoja, na redio husikika nchi nzima.

Lakini si lazima tuchague moja tukaache jingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Yafaa mchezo wa redio Njombe ufuatwe na vikundi kama hivyo, ambamo wasikilizaji watauigiza upya kwa Kibena au kwa Kiswahili, wapendavyo, na kumpa Mkwaju shamba, mke na jirani wa kijijini kwao.

Basi, baada ya kuuliza kama ujumbe umefika, mhakiki hana budi kuuliza pia: umefika kwa nani, na nani amepewa nafasi ya kuujibu?