Mwizi wa simu anaandika Kiswahili kuliko sisi

Wandugu lisansiye, leo mi siandiki juu ya mihogo wala mmomonyoko wa udongo. Nataka tusome meseji fupi sawa vile watu wa Letres wanavyosoma riwaya: zile za wezi wa simu, na zile za kutuonya juu yao. Ju naona kulinda bazee wetu ni pia kazi ya maandishi, na kwa maandishi mwizi anatushinda.

Tuanze na yeye. Tanzania nzima inajua ile yake: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Maneno sita. Angalia "ile". Ni kama mazungumzo yalishaanza jana. Muzee ambaye kweli alikuwa anatafuta kutuma minerval ya mjukuu, anaimaliza hadithi yeye mwenyewe. Jina hakuna, salamu hakuna, ju mtu wa karibu akiwa na haraka hasalimii. Huku kwetu Nguba wanapenda zaidi kupiga: "Mama, nimekutumia franga kwa makosa, unihurumie, ni za dawa ya mtoto." Tunasema bazee wanaibiwa ju hawajui simu. Apana. Huyu mwizi hategemei ujinga wa mama, anategemea malezi yake: mama wa huku hawezi kulala na franga za mtoto mgonjwa wa mwenzake.

Sasa tusome upande wa kuonya. Maonyo yanayoingia kwa simu ya mama yangu mkubwa ni ya Kifaransa cha ofisi: usimpe mtu yeyote kode yako ya siri. Yeye alisoma Kiswahili tu, na anaongea Kimashi. Lakini hata ukimtafsiria, shida inabaki. Hawezi kusoma menyu ya simu, kwa hiyo kila wiki anampa mjukuu ile kode, ao ajenti wa pale barabarani, na hakuna kitu kinatokea. Sheria ambayo mtu analazimika kuivunja kila wiki haitamkinga siku ya hatari.

Majirani walijaribu vizuri zaidi. Kenya, Safaricom walitoa "Jichanue". Kwa kijana wa Nairobi maana yake ni fungua macho, erevuka. Bibi yake atafikiria chanuo la nywele. Neno tamu, lakini limeandikiwa sisi, si yeye. Tanzania, serikali na kampuni za simu walitoa "Sitapeliki". Hii mi naipenda: kitenzi kimoja, Kiswahili ambacho muzee anaelewa, tena kuko kitu cha kufanya, ju namba ya tapeli unaituma kwa 15040. Paka jambo moja linanisumbua. Mtu aliyesema "sitapeliki" na kisha akatapeliwa, atamwambia nani? Neno lenyewe linamwekea aibu mapema. Na muzee akificha, mwizi anarudi kuvuna mara ya pili katika shamba lilelile.

Kwetu hili si jambo la kungojea. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, banki zilifunga milango na simu njo ikawa banki. Bazee waliokuwa wanaweka franga kwa likelemba ao chini ya godoro, leo wanangojea meseji kutoka kwa mtoto wa Kinshasa, Kampala ao Ubelgiji. Kumwambia muzee "acha simu" ni kumwambia acha kula.

Hapa niruhusuni nirudi kidogo shambani. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, baadaye ukashuka mpaka huku. Mkulima ukimwambia "jihadhari na bakteria", umemwachia woga tu. Kinachosaidia ni maneno ya mikono: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga, panga ukishalitumia, lipitishe kwenye moto. Mkulima hahitaji kujua jina la bakteria.

Onyo la simu pia liandikwe kwa mikono. Wakisema franga zimeingia, usiamini meseji, angalia salio. Kama kweli zimeingia, usizirudishe wewe. Aliyekosea aiite kampuni yake. Wakisema mtoto yuko hospitali, kata, kisha upige ile namba yake unayoijua siku zote. Na kode: badala ya "usimpe mtu yeyote", tuseme "chagua mtu mmoja wa nyumbani, umtaje kwa jina, na asiwe ajenti". Najua kanuni ya tatu iko na tundu: mara nyingi namba ya mtoto haipatikani, ju umeme umeenda ao rezo imekatika, na mwizi anajua hilo. Kwa hiyo muzee awe na jina la pili, la jirani anayeweza kumkimbilia kwa mguu kabla ya kutuma hata franga moja.

Katika chama chetu kuko watu wa Droit, wa Informatike, wa Letres, na sisi wa Agronomi. Kila mmoja aandike kanuni hizi kwa Kimashi, Kihavu, Kirega, kwa lugha ya kwao, kisha amsomee muzee mmoja kabla ya kuzisambaza. Akiuliza "maana yake nini?", urudi kuandika tena. Na akikuambia kwamba yeye alishaibiwa, usimuulize alikuwa anafikiria nini. Muulize ni namba gani, saa ngapi, na muende pamoja kwa kampuni siku ileile.