Redio ya Mtumba: Anza na Mawimbi, Malizia na Tundu

Redio ya Toyota Probox ya mdogo wangu ilikufa, tukashuka Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta ya mtumba. Muuzaji alitupangia tatu mezani. Mdogo wangu akaanza kupima upana wa kila moja kwa shubiri, kwa kuwa hofu yake ilikuwa tundu la dashibodi. Wanunuzi wengi huanzia hapo. Nilimwomba tugeuze mpangilio: kwanza tuchunguze kasoro isiyotibika, na mwisho kabisa ile inayotibika kwa fremu ya plastiki na skrubu nne.

Kasoro isiyotibika ni ya mawimbi. Redio ya kwanza, yenye skrini pana na nzuri, ilitengenezwa kwa soko la Japani. FM yake ilianzia 76 ikaishia 90. Kwetu FM huanzia 87.5 na kuishia 108, kwa hiyo kati ya redio hiyo na stesheni zetu kulikuwa na megahezi mbili na nusu tu za kukutana. Muuzaji alisema kipanuzi cha masafa kitamaliza kazi. Tukapiga hesabu papo hapo. Kipanuzi hakiongezi dirisha la masafa ambayo redio husikia, hulihamisha tu. Kikihamisha kwa 12, redio itasikia kuanzia 88 hadi 102: Capital FM ya 98.4 itaonekana kama 86.4, na kila stesheni iliyo juu ya 102 itapotea. Kikihamisha kwa 18, tutapata 94 hadi 108 na kupoteza za chini. Dirisha la megahezi 14 haliwezi kufunika masafa ya megahezi 20.5, hata fundi awe hodari vipi. Redio mpya zaidi za Japani hufika 95, nazo bado hazitoshi.

Ya pili ilitoka Marekani. Masafa yake yalifika 107.9, na hapo ndipo mtu huridhika mapema. Lakini kule stesheni hupangwa kwa hatua ya 0.2, na tarakimu ya mwisho huwa witiri: 98.3, kisha 98.5. Kiss ya 100.3 iliingia safi. Capital ilibaki katikati ya hatua mbili, ikikwaruza. Baadhi ya redio huwa na mpangilio wa kubadili eneo kwenye menyu; tuliutafuta kwenye hii, haukuwepo.

Ya tatu ilikuwa ya soko la Ulaya, 87.5 hadi 108, ikisimama kwenye kila stesheni tuliyoitaka. Ilikuwa nyembamba na haina skrini ya kuvutia. Tukaing'ang'ania hiyo.

Baada ya mawimbi, swali la pili ni kufuli. Redio nyingi zilizotoka kiwandani na gari huomba namba ya siri zikikatiwa umeme, na baadhi ya zile za Japani zenye ramani hazifunguki bila kadi ya ramani hiyo. Redio inayowaka mezani haijathibitisha chochote, kwa sababu huenda haijakatiwa umeme tangu ifunguliwe. Tulimwomba muuzaji achomoe betri yake ya volti 12, tukasubiri dakika kadhaa, akachomeka tena. Haikuomba namba. Tukajaribu spika zote nne, moja baada ya nyingine.

Swali la tatu ni umeme, na hapa ndipo redio nzima huungua. Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni wa bodi. Kwenye soketi ya Toyota nyingi, hizo hizo njano, nyekundu na nyeusi ni waya za spika za nyuma. Umeme wa kudumu ni buluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, wa bodi ni kahawia. Anayeunganisha rangi kwa rangi anaipeleka redio yake kaburini. Tulinunua soketi ya kuunganishia inayotoshea Toyota, na bado tukapima kwa mita: ufunguo ukiwa umezimwa, waya mmoja tu ulikuwa na volti 12, ulipogeuzwa hatua ya kwanza, wa pili ukaamka. Spika tulizitambua kwa betri ndogo ya volti 1.5, kila mguso ukitoa mlio mfupi kwenye mlango wake. Waya hasi wa spika hatukuugusisha bodi, maana redio za kisasa huharibika hivyo.

Ndipo tukafika kwenye tundu. La Probox lina upana wa milimita 200 na urefu wa 100. Redio yetu ilikuwa 180 kwa 50. Vipande viwili vya milimita 10, kimoja kila upande, na kisanduku cha kuwekea simu chini yake, vikaziba pengo lote. Jambo lililomtia mdogo wangu hofu asubuhi ndilo lililochukua muda mfupi kuliko yote.

Jioni aliiacha kwenye 98.4, akazima gari, akafunga milango. Kesho yake alfajiri aligeuza ufunguo, nayo redio ikaamkia pale pale 98.4. Kama umeme wa kudumu ungekosewa, kumbukumbu yake ingefutika usiku.