Hasira Huanzia Shingoni: Namna ya Kuujenga Uso Uliokasirika kwenye Kompyuta

Mpe mwanafunzi wa animesheni kichwa cha kidijitali kisicho na hisia, umwambie akikasirishe. Karibu kila mara ataanza na nyusi. Atazivuta chini kuelekea pua, atafungua mdomo, atatoa meno, kisha ataona kazi imekwisha. Mtazamaji ataitambua hasira hiyo mara moja, lakini hataiamini. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Hasira ya mhusika ijengwe kuanzia shingo, ipite kwenye kope, ishuke midomoni, na nyusi zije mwisho. Ushahidi wa kwanza uko Mtwara, kwenye uso usio na msuli hata mmoja.

Uso huo ni lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko ya Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Fundi huchonga mti mwepesi, akaukomba ndani mpaka kuta zikawa nyembamba, kikapatikana kinyago kinachofunika kichwa kizima. Nywele halisi za binadamu hubandikwa juu, na chale za usoni huchongwa au hutengenezwa kwa nta. Mchezaji huona kupitia tundu la mdomo. Fundi akishaweka chombo chini, uso huo haubadiliki tena: nyusi hazishuki, midomo haibani. Hata hivyo, uwanjani lipiko hutisha, huchokoza, hukasirika. Mchezaji huinamisha kichwa, hukisimamisha ghafla pamoja na ngoma, kisha hukigeuza taratibu kumwelekea mtu mmoja. Hasira yote inatoka shingoni na kwenye muda. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera ya sinema, alizipiga picha ngoma za ukanda huu, kwa hiyo uhusiano kati ya ngoma hizi na picha zinazotembea una umri wa zaidi ya karne moja.

Sayansi imekuja kulieleza jambo hilo baadaye. Mwaka 2019 Zachary Witkower na Jessica Tracy, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba uso usio na hisia yoyote, ukiinamishwa takriban nyuzi 10 huku macho yakimtazama mtu, husomwa kuwa wa mtu mwenye ubabe zaidi. Sababu ni ya kijiometri: kichwa kikiinama, nyusi huonekana kutengeneza umbo la V ingawa hazijasogea. Ndiyo maana kidhibiti cha kwanza cha kugusa kwenye rigi, yaani kiunzi cha mifupa na vidhibiti kinachomwendesha mhusika, ni mfupa wa shingo. Lakini kuna sharti. Kichwa kikishuka nyuzi 10, mboni lazima zipande kiasi hicho hicho ili zisipoteze anayetazamwa, na kope ziyafuate macho. Rigi isiyofungamanisha kope na mboni huharibu kazi hapo hapo, kwa sababu mhusika huonekana anasinzia.

Tuchukue mfano. Mhusika wetu ni mzee mvuvi wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Yuko kwenye mtumbwi wake, na umbali wa kilomita moja mtu anavua kwa baruti. Mzee hapigi kelele. Anajua matumbawe yanavunjika na samaki wachanga wanakufa, na anajua hawezi kumfikia mhalifu. Hiyo ni hasira iliyozuiwa, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiweka usoni.

Ramani ya misuli tunayo. Mwaka 1862 Duchenne wa Ufaransa alichapisha picha za nyuso alizozichochea kwa umeme ili kujua kila msuli unafanya nini. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa mfumo unaoupa kila mwendo wa uso namba yake. Kwa mfumo huo, hasira ya kitabuni ni mchanganyiko wa miendo minne. Namba 4, nyusi kushuka na kukaribiana. Namba 5, kope za juu kuinuka. Namba 7, kope kukaza. Na namba 23, midomo kubana. Tazama hesabu hiyo vizuri: kati ya miendo minne, miwili ni ya kope na mmoja ni wa midomo. Nyusi zimepata mmoja tu.

Kwenye kompyuta, kila mwendo huchongwa kama umbo lake, ambalo mafundi huliita blendishepu. Programu huchukua uso uliotulia, hupima kila nukta imesogea kiasi gani katika umbo hilo, kisha huzidisha tofauti hiyo kwa namba kati ya 0 na 1 na kuijumlisha. Gollum wa filamu za The Lord of the Rings alitengenezewa maumbo 675. Simu ya iPhone X ilipotoka mwaka 2017, msanidi programu aliweza kusoma kutoka kwenye kamera yake thamani zaidi ya 50 za uso wa mtu papo kwa papo. Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu kujumlisha kuna mtego. Namba 4 inaleta ngozi ya nyusi chini. Namba 5 inapandisha kope juu. Ukiziwasha pamoja kwa nguvu, ngozi mbili hupenyana, na jicho huonekana limechanika. Dawa ni kuchonga umbo la kusahihisha, linalowaka pale tu miendo hiyo miwili inapokutana.

Kwa mzee wetu ningeweka namba 7 kwenye 0.6 na namba 5 kwenye 0.2 tu. Kope la chini likipanda na kunyooka, jicho hubadilika kutoka kutazama hadi kulenga. Namba 5 ikizidi, mtazamaji ataona hofu.

Midomo inahitaji uangalifu wa pekee. Maumbo mengi yanayouzwa tayari yamechongwa kutoka kwenye nyuso zenye midomo myembamba, ambako kubana maana yake ni mdomo kupotea na kubaki mstari. Ukihamishia umbo hilo kwenye midomo minene, programu huifuta nyama, na mhusika anapoteza sura yake. Nyama ya mdomo haipotei: hujikunja kuelekea meno, husukumwa pembeni, na kidevu hupanda kidogo. Chonga umbo hilo upya kwa kila mhusika. Kisha ongeza msuli wa taya karibu na sikio, utune mara moja na kulegea, maana mtu anayejizuia huuma meno.

Sasa ndipo zije nyusi, na kwa kiasi: 0.4 inatosha, ukiacha upande mmoja uwe chini kidogo kuliko mwingine. Hapa mwanga ndio unaoamua. Kwenye ngozi nyeusi, mikunjo ya paji huonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Taa ikipigwa usoni moja kwa moja, mikunjo hutoweka, na mtengenezaji hushawishika kuzidisha nyusi mpaka uso unakuwa wa kinyago kibaya. Sogeza taa pembeni, rekebisha ung'avu wa ngozi ili jasho na mafuta vishike mwanga juu ya kila mkunjo, na 0.4 itasomeka kwa mbali.

Kisha muda. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlipuko wa kilomita moja utamfikia mzee baada ya sekunde tatu hivi, yaani fremu 70 hivi kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Maji atayaona yakiruka kwanza. Macho yahame, shingo ifuate, kope zikaze. Midomo ibane fremu sita au nane baadaye, nyusi zishuke taratibu. Sauti ikifika, mwili ushtuke na macho yapepese ndani ya fremu mbili au tatu, kisha uso urudi pale pale ulipokuwa. Kurudi huko ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba mzee alikwisha kukasirika kabla ya kusikia chochote. Baada ya hapo mwache akae: fremu 48 ambamo zinasogea tundu za pua na taya peke yake.

Baadhi ya walimu watasema kwamba hasira ni moja duniani, kwa hiyo mchanganyiko wa kitabuni unatosha. Utafiti wa karibuni haukubali. Timu ya Maria Gendron ilifanya kazi na Wahadza wa hapa Tanzania, na matokeo yake ya mwaka 2020 hayakuunga mkono dai kwamba watu wote husoma hisia usoni kwa namna ile ile. Mwaka mmoja kabla, Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi na kuonyesha kwamba watu wenye hasira hawakunji uso mara nyingi kama tunavyodhani. Aghalabu hufanya jambo jingine kabisa. Pwani yetu inalijua hilo. Mtu mzima huweza kukasirika kwa kunyamaza, kugeuza uso, kusonya. Mhusika wa Kimtwara anayefoka kila anapoudhika amekopwa kwingine.

Studio za Afrika Mashariki sasa zina uwezo wa kulifanya jambo hili ipasavyo. Kipindi cha katuni cha Ubongo Kids kimekuwa hewani tangu 2014, na Raymond Malinga wa Uganda alikuwemo miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, filamu fupi 10 zilizotoka Julai 2023. Kinachobaki ni kuacha kutegemea nyuso za dukani. Kijana wa Mtwara unayejifunza kazi hii, nenda bandarini na sokoni, omba ruhusa, rekodi namna wazee wako wanavyojizuia. Nenda kwenye ngoma ya mapiko nayo, ukiheshimu kwamba mengine ni ya waliopita jandoni na hayapigwi picha. Kisha kaa kwenye kompyuta yako, funga kidhibiti cha nyusi, na usikifungue mpaka mhusika wako awe tayari anaonekana amekasirika bila nyusi hizo.