Kuipima Seva Pepe Kabla ya Kuilipia Mwaka Mzima

Jedwali la bei litakuambia unapewa prosesa ngapi, kumbukumbu giga ngapi na diski ya ukubwa gani. Halitakuambia prosesa hizo unagawana na watu wangapi, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza. Seva pepe ni chumba katika nyumba ya kupanga: mlango ni wako, ufunguo ni wako, lakini tangi la maji ni moja kwa wapangaji wote. Kampuni huchukua kompyuta moja kubwa na kuigawa kwa programu kama KVM, ambayo imekuwa sehemu ya Linux tangu 2007. Kwa kuwa wateja wengi hawatumii prosesa muda wote, huuza nyingi kuliko zilizopo. Biashara hiyo ni halali. Kinachotofautisha kampuni moja na nyingine ni kiasi.

Kiasi hicho kinaonekana. Ingia kwenye seva, andika top, tafuta mstari unaoanza na %Cpu(s), kisha usome hadi mwisho wake kulia palipoandikwa st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao seva yako ilikuwa na kazi mkononi huku prosesa yenyewe ikimhudumia mpangaji mwingine. Ikiwa sifuri au karibu na sifuri, uko salama. Ikipanda hadi 5 au 10 na kubaki huko, usipoteze usiku mzima ukirekebisha tovuti, maana kosa si lako. Angalizo moja: mipango mingine ya bei nafuu hukupa kasi kwa muda mfupi, kisha hukubana ukishamaliza mgao wako, na kubanwa huko pia huweza kuonekana kama st. Ndiyo maana kipimo cha dakika tano za siku ya kwanza hakina thamani. Acha programu ndogo iandike tarakimu hiyo kila dakika kwa wiki nzima. Kumbuka pia kwamba kama seva iko Frankfurt, saa za msongamano wa prosesa zinaweza kuwa za majirani wa Ulaya, wala si za wateja wako wa Kariakoo.

Diski nayo ina ujanja wake. Wengi huipima kwa kuandika faili moja refu mfululizo, wakapata tarakimu ya kupendeza. Hifadhidata ya duka la mtandaoni haifanyi kazi hivyo; husoma na kuandika vipande vidogo vilivyotawanyika. Tumia programu ya fio, kwa vipande vya kilobaiti 4 bila mpangilio, na faili la majaribio liizidi kumbukumbu ya seva. Vinginevyo unaweza kuwa unapima kumbukumbu ukidhani unapima diski.

Umbali hauna mjadala mrefu. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haviwezi kupungua milisekunde 70, na mikongo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Hakuna kampuni inayoweza kukupunguzia hapo. Pima kwa programu ya mtr ukiwa kwenye laini ya simu ambayo wateja wako wanaitumia, na uulize data inapitia njia ngapi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, na seva nzima kabisa zilikuwa hazifikiki.

Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 za kuzimika kwa mwezi. Soma fidia yake: mara nyingi ni punguzo kwenye ankara ijayo, basi.

Sasa nakala rudufu, jambo ambalo wengi huliacha mwisho. Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya SBG1. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini wateja wengi waligundua asubuhi kwamba data yao na nakala zake vyote vilikuwa palepale. Watengenezaji wa mchezo wa Rust walipoteza seva 25 za Ulaya na kutangaza kwamba data hiyo haingerudi. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ilimpa haki mteja mmoja aliyekuwa amelipia huduma ya nakala rudufu, akakuta zilikuwa zimehifadhiwa katika jengo lilelile na seva yake. Ushindi huo haukuyarudisha mafaili.

Kwa hiyo kisanduku cha "nakala ya kila siku" kilichotiwa tiki hakitoshi. Uliza nakala zinakaa mji gani. Weka nyingine kwa kampuni tofauti kabisa. Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu huliahirisha: fungua seva mpya tupu kwingine, rudisha tovuti yako humo kutoka kwenye nakala, na uangalie saa. Kama ilichukua saa sita, hizo ndizo saa ambazo wateja wako watakukosa siku ya balaa.

Lipia mwezi mmoja tu, ufanye vipimo hivi vyote. Kampuni inayokataa malipo ya mwezi mmoja na kung'ang'ania mwaka, iache.