Uwanja Kati ya Majumba: Uhakiki wa Makazi ya Michenzani, Zanzibar

Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 eneo la Ng'ambo mjini Zanzibar, mara nyingi huhakikiwa kwa kutazamwa kutoka barabarani. Kwa mtazamo huo hukumu huwa nyepesi: saruji tupu, mistari iliyonyooka, usanifu wa Ujerumani Mashariki uliopandikizwa penye nyumba za udongo. Hukumu hiyo ina msingi. Mpango wa mji wa mwaka 1968 uliandaliwa na mtaalamu wa nchi hiyo, Hubert Scholz, na nyumba nyingi za wakaazi zilibomolewa ili kupisha ujenzi. Hata hivyo, inaacha kando sehemu yenye uzito zaidi, nayo ni ardhi iliyobaki kati ya jengo na jengo.

Katika nyumba ya Kiswahili nafasi ya nje ilikuwa na sehemu mbili. Mbele palikuwa na baraza, ambako mwenye nyumba aliketi na majirani na wapita njia. Nyuma palikuwa na ua, umezungushiwa ukuta au makuti, na humo wanawake walipika, walifua na walizungumza bila kutazamwa na wageni. Ghorofa liliondoa vyote viwili, likatoa badala yake uwanja mmoja wa watu wote. Wasanifu wa Ulaya waliouasisi mtindo huu waliuhesabu uwanja wa namna hiyo kuwa bustani ya ujirani. Kwa mwanamke aliyezoea ua, ni mahali pa kuonekana. (Michenzani, kwa jina lake, ni penye michenza, mtaa unaoitwa kwa miti sasa unajulikana kwa saruji.)

Wakaazi hawakuupokea mpango huo kimyakimya. Huyaita majumba hayo treni, na jina hilo ni uhakiki tosha wa urefu wake. Vyumba vya chini vimekuwa maduka. Baraza nayo imerudi, tena kwa nguvu: Maskani ya Kisonge, maarufu kwa ubao wake wa maneno ya siasa, ni baraza iliyohama kutoka mlangoni pa nyumba hadi njia panda ya mji.

Hapa ndipo hoja ya kwamba wakaazi wameukamilisha mpango wenyewe inapoyumba. Kilichorudi ni nafasi ya wanaume. Ua haukupata mrithi. Kazi zake zimebanwa kati ya jiko la ndani na roshani, ambako nguo huanikwa mbele ya macho ya mtaa mzima, na mazungumzo yaliyoambatana na kazi hizo hayana mahali pake maalumu. Tathmini ya majengo haya inayopima nyufa, mabomba na paa pekee itaiandika ardhi hiyo kuwa kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu katikati ya mji hakikosi mwenye kukitaka kwa ujenzi.