Si Kila Kiwashacho ni Upupu

Imetufikia tafsiri ya mashauri ya tiba za asili kwa upele uletwao na mmea wa Marekani ya Kaskazini uitwao kwa Kiingereza "poison ivy". Mfasiri ameuita upupu. Kiswahili chake ni fasaha, wala hatuna ugomvi na sarufi yake. Ugomvi wetu ni juu ya istilahi, kwani hapa istilahi ikipotoka, aumiaye ni msomaji.

Upupu twaujua sote: huwasha kwa vinyweleo vya maganda yake, na mwasho huanza papo hapo. Mmea wa Marekani, Toxicodendron radicans, hudhuru kwa urushioli, mafuta yaliyomo katika utomvu wake. Mtu mwenye mzio nao hutokwa na upele na malengelenge baada ya muda wa saa 12 hadi 48 hivi. Msomaji aliyeambiwa "upupu" atangoja mwasho. Asipousikia atajiona salama, hali wakati wa kujiosha kwa sabuni unampita. Lau mfasiri angetafuta jamaa wa kweli wa mmea huo, angewakuta karibu: mkorosho na mwembe ni wa ukoo wake, na mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi vivyo hivyo.

Kosa la pili ni "magadi", lililowekwa mahali pa bikaboneti ya soda. Magadi ni makali zaidi, wala hayafai kupakwa kwenye ngozi iliyochubuka.

La tatu ni kuita kila kitu "dawa". Kuosha utomvu mapema ni kinga; maji baridi na losheni ya kalamini ni vitulizo tu, maana upele wenyewe huisha baada ya wiki 2 au 3. Hata Impatiens capensis, mmea utumiwao tangu zamani na wenyeji wa huko, una mpaka wake: jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kuwa majani yake yaliyopondwa hupunguza upele, lakini sabuni huyashinda.

Twapendekeza neno "mtambaasumu", likifuatwa na jina la kitaalamu, na tofauti ya kinga, kitulizo na dawa ishikwe. Wasomaji wenye neno bora zaidi na walilete. Mfasiri wa mambo ya tiba hana budi kuujua mmea kabla ya kuupa jina.